Chupa ya Musaga

Bujumbura, 4 Mei 1969

Mdogo wangu Nsimire,

Mbio zimerudi. Nimeliona tangazo kwa macho yangu, limebandikwa kwenye ukuta wa duka la Majid kule mtaa wa Asiatique: tarehe moja Julai, siku ya Uhuru, kilomita arobaini na mbili kutoka barabara ya kusini mpaka uwanja wa mjini. Njia ni ileile ya mwaka 1965. Nilisimama mbele ya karatasi hiyo mpaka Majid mwenyewe akatoka nje. "Mwalimu, herufi zimekushinda leo?" Nikamwambia apana, leo ndiyo mara ya kwanza tangu miaka minne ninasoma kitu cha maana.

Utasema habari unaijua. Isome tena, mimi huisoma kila asubuhi nikifunga kamba za viatu. Asubuhi ile ulinijazia chupa, maji ya limau na sukari, kwa mikono yako safi. Ukaniambia ninywe yote kabla ya kuanza. Nikakataa. Nilisema nitayaweka kwa ajili ya mwisho, pale mtu anapohitaji mama yake. Nikampa Herménégilde aibebe, kwa sababu ndiye aliyekuwa mtu wangu wa baiskeli, na kila mkimbiaji alikuwa na wake. Rafiki yangu! Tulikula sahani moja miaka mitatu.

Kilomita ya thelathini na sita nilikuwa wa kwanza. Nyuma yangu hakuna mtu ila vumbi. Herménégilde akanikaribia na baiskeli, akafungua chupa, akapiga funda moja kama desturi inavyotaka, maana nchi hii huwezi kumpa mtu kinywaji bila kukionja wewe kwanza. Kwa sababu alionja, nilikunywa. Kama asingeonja ningekuwa na shaka. Aliniua kwa adabu.

Kilomita ya thelathini na nane, juu pale Musaga, tumbo likapasuka. Nilianguka katikati ya barabara, nikajichafua mbele ya wanawake wa soko. Zilibaki kilomita nne. Nikiwa nimelala nilimwona askari mmoja ananipita, na askari huyo alikuwa nani? Binamu ya Herménégilde. Yeye ndiye aliyebeba kikombe.

Mpaka leo watoto wa Musaga wananiita Kilomita Nne.

Sasa sikiliza. Herménégilde atakimbia mwaka huu. Na mimi pia, nina miaka arobaini na mitatu. Nitakuwa na chupa.

Kaka yako,
Murhula


Bukavu, 15 Mei 1969

Kaka yangu, Yaya Murhula,

Barua yako imefika na kamyo, lile lori la viazi, inanuka viazi, na mimi nimecheka mpaka jirani akauliza kama nimepokea mahari. Miaka arobaini na mitatu! Magoti yako yalikuwa yanalia ukipanda kitandani. Ukitaka kufa, njoo ufie huku, majeneza ni ya mbao nzuri.

Nikisema kweli, sikucheka sana.

Yaya, mwache mtu yule. Ulikwisha kumlipiza. Ulimwandika katika gazeti lako la *Mwiba* kwa jina na jina la baba yake. "Mkono unaotia sumu," ndivyo ulivyoandika, na Majid akamfukuza kazi dukani wiki hiyohiyo, kwa sababu nani atanunua kitambaa mahali ambapo chai inatolewa na mkono wa namna hiyo? Leo anaziba mipira ya baiskeli kando ya barabara ya Musaga. Unataka nini tena? Aibe tairi umpeleke polisi?

Na nina swali moja, wewe unayesoma vitabu vingi. Ikiwa alionja, na uliona akionja, mbona huulizi tumbo lake yeye lilifanya nini siku ile?

Kula mayai. Usikimbie jua likiwa kali.

Mdogo wako,
Nsimire


Bujumbura, 27 Mei 1969

Nsimire,

Swali lako ni la mwanamke mwenye huruma, yaani si swali. Alionja kwa mdomo. Mtu anaweza kuweka maji shavuni, akageuka, akayatema vumbini, na aliyeko nyuma ya jasho lake haoni kitu. Nimelifikiria jambo hilo miaka minne na nimelimaliza. Nitafanya vilevile.

Nitakueleza ili usiseme nilikuficha. Nimenunua kwa muuguzi ile chumvi ya kuharisha, vijiko vitatu. Limau na sukari vitafunika uchungu, kama vilivyoufunika wake. Shingoni nitafunga kitambaa. Musaga, mbele ya wanawake walewale, nitafungua chupa, nitajaza shavu, nitajifuta jasho kwa kitambaa na kutema humo. Kisha nitampa. Atakunywa, maana nimeonja. Atalala palepale nilipolala. Mimi nitaendelea kilomita nne, nikiwa wa mwisho haidhuru.

Unauliza nimempataje? Kwa urahisi unaotia uchungu. Nilikwenda pale anapoziba mipira nikasema, "Herménégilde, tumezeeka, tuache." Akaweka pampu chini. Mkewe Médiatrice akaleta pombe ya ndizi, tukainywa kwa mrija mmoja mbele ya wateja. Nikamwomba tukimbie bega kwa bega, watu waone tumepatana. Akasema, "Sawa, mwalimu. Bega kwa bega." Akaongeza neno ambalo sikulielewa: "Nilikuwa nakungoja mwaka wa tano huu, sikujua utakuja kwa njia gani."

Unaona? Ana hatia inayomla.

Nakimbia kila asubuhi mpaka mto Kanyosha na kurudi. Jumamosi nakwenda kilomita thelathini. Ninapofika mahali ambapo mapaja yanageuka kuwa matofali, nasema jina lake, silabi moja kwa kila hatua, na miguu inatii. Watu wanasema chuki inadhoofisha. Waseme waliokimbia kilomita mbili. Mimi sina mayai, sina mke, sina nchi. Nina jina la mtu mmoja na linanibeba vizuri.

Murhula


Bukavu, 12 Juni 1969

Yaya,

Naiandika mara ya tatu, mbili nimezitupa jikoni. Hii nampa Amissi wa kamyo akupe mkononi mwako.

Ni mimi.

Chumvi ile niliitia mimi, asubuhi ya mbio, nikakoroga mpaka ikapotea. Herménégilde hakujua.

Unakumbuka mwaka ule ulivyokuwa unaandika? Uliwatukana waliokuwa na serikali Bukavu, ukawatukana na waliokuwa porini na bunduki, kila mmoja kwa jina. Nikakwambia, Yaya, tumekimbia Kongo tukiwa na sufuria moja, nyamaza kidogo. Ukasema mkimbizi anayenyamaza amekufa mara mbili. Basi. Siku mbili kabla ya mbio, Pascaline aliyekuwa akipika katika nyumba ya wageni alikuja kwangu akaninong'oneza. Kulikuwa na watu wawili kutoka Bukavu, wana picha yako. Walikuwa na gari. Walijua utakimbia, na walijua mshindi ataitwa kwa jina kwenye kipaza sauti na kupandishwa jukwaani. Wangekuchukua uwanjani katika fujo ile, na kabla ya saa sita ungekuwa ng'ambo ya mpaka, na mimi ningekuwa natafuta maiti mtoni.

Ningekuambia? Ningekuambia ungekimbia kwa kasi zaidi. Ungepanda jukwaa uwatukane.

Ndiyo maana nilikuambia unywe yote asubuhi, nyumbani, ulale kitandani uniite mchawi siku nzima. Wewe ukaiweka kwa mwisho. Nilikimbia mpaka kwenye kamyo ya wakimbiaji, ilikuwa imeondoka. Nilisimama Musaga tangu saa tatu nikiomba uwe umeipoteza. Nilikuona ukianguka. Nilikuwa miongoni mwa wanawake wale, Yaya. Kitenge kilichokufunika kilikuwa changu.

Usiku wa siku ya tatu Herménégilde alikuja. Macho yameingia ndani, funda lile moja lilimharisha siku mbili. Akauliza, "Dada, mulitia nini mu chupa?" Nilimpigia magoti anyamaze, maana watu wale walikuwa bado mjini. Akanyamaza. Wiki iliyofuata ukaandika gazeti lako.

Nilitaka kusema. Mwezi wa kwanza niliogopa watu wale. Mwaka wa kwanza nilikuogopa wewe. Baadaye nikaona aibu, na nikaona chuki inakulisha, ulianza kula tena, ulianza kukimbia tena. Nikajidanganya kwamba ni dawa. Tangu nirudi huku Bukavu nimejua kwamba mmoja wa watu wale amekufa, mwingine anauza saruji mtaa wa Nyawera, hunisalimu.

Kama unataka kumwangusha mtu, yuko Bukavu.

Nsimire


Bukavu, 19 Juni 1969

Kwa Herménégilde,
kwa mkono wa bwana Majid, duka la vitambaa, Asiatique

Ndugu yangu,

Nakuita hivyo ingawa sina haki. Amissi alikuwa na barua yangu kwa kaka yangu, na nimesikia leo kwamba kamyo yake imelala na mzigo mlimani, ekseli imekatika, na haijulikani itateremka lini. Hii naipeleka kwa ndege ya posta. Naipitisha kwa Majid ikufikie wewe, na kaka simwandikii kwa posta, maana barua yangu ya mwaka jana aliirudisha bila kuifungua, alikuwa amenikasirikia kwa jambo jingine.

Siku ya mbio usinywe kitu kutoka mkononi mwake. Usinywe hata akionja. Angalia kitambaa cha shingoni.

Nimemwandikia kweli yote, kwamba chumvi ya mwaka 65 niliitia mimi. Isipofika, msamehe. Ikifika, usinisamehe mimi.

Nsimire


Bujumbura, 29 Juni 1969

Nsimire,

Hujajibu. Mwanzo nilikasirika, sasa nimeona ni vizuri. Kimya chako nimekihesabu kuwa ruhusa.

Limau nimenunua leo.

M.


Musaga, 3 Julai 1969

Dada Nsimire,

Barua yako nilipewa na Majid. Aliisoma kwanza, ndivyo alivyo. Kisha akakaa kitini, akaniagizia chai, na chai hiyo akanipa akiwa ameionja yeye. Miaka minne sikuwa nimeonjewa chai katika duka lile.

Nakuandikia mambo yalivyokwenda ili usiyasikie kwa mdomo wa kaka yako, ambaye anajua kupamba.

Tulikimbia bega kwa bega kama alivyotaka. Kwa mzee, anakimbia. Mpaka kilomita ya thelathini tulikwenda sawa. Chupa ilikuwa imefungwa kiunoni kwake, nilikuwa nasikia maji yakitikisika kila hatua. Wengine walikuwa wametupita zamani, vijana wa jeshi na wanafunzi. Kilomita ya thelathini na tano alianza kuvuta mguu wa kushoto. Nilisikia anasema kitu kidogokidogo kwa kila hatua. Nikasogea. Lilikuwa jina langu.

Nikuambie kweli, dada. Barua yako ilinitosha kukataa kunywa na kwenda zangu. Lakini mimi si mtakatifu. Mwaka 65 nilinyamaza kwa ajili ya maisha yake. Alipokwisha kuniandika gazetini, nilinyamaza kwa sababu nyingine. Nilitaka autembee uongo wake mpaka mwisho, ili siku ya kurudi aone njia ni ndefu.

Tukafika Musaga. Watu walikuwa wengi kama siku ya soko. Wakaanza, "Kilomita Nne! Kilomita Nne! Leo umevala suruali mbili?" Mwanamke mmoja akainua beseni juu, "Nimekuletea ya kuoga, mwalimu!" Kaka yako akasimama. Na mimi nikasimama. Akafungua chupa, akajaza mdomo, akainua kitambaa.

Nikashika kitambaa kile nikakivuta shingoni mwake.

"Meza," nikamwambia.

Shavu limejaa, macho yamemtoka.

"Onja si ya mu kinywa, mwalimu. Onja ni ya mu tumbo. Mi nilimeza. Meza nione koo."

Watu wakasogea karibu. Wao wanajua maana ya mtu kukataa kumeza alichoonja. Mwenye beseni akalishusha. Akasema polepole, "Heee. Kumbe."

Mwalimu akameza.

Nikasema, "Sasa iliyobaki. Ile ni yangu, nakupa zawadi. Mwaka ule nilipiga funda moja, nililala siku mbili, na Médiatrice alikuwa na mimba akinisafisha. Hukuja kuuliza. Kunywa, mwalimu, mimi nimekwisha kuonja, tangu 65."

Nilidhani atanitukana. Ni kazi yake. Alinitazama, akaitazama chupa, na nikaona anaanza kuelewa, jinsi mtu anavyoelewa kwamba amepotea njia, kwanza miguu halafu uso. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ulimeza?"

"Nilimeza."

"Basi ni nani?"

Sikumjibu. Hilo ni lako. Akainywa chupa yote mpaka limau la chini, akanirudishia tupu, akaanza kukimbia.

Mimi nilimaliza wa kumi na tisa. Leo Majid ameniita nirudi dukani. Nimemwambia nitafikiria, na nitafikiria kwa muda mrefu, achemke kidogo.

Wewe pia sikukusamehe. Uliomba nisikusamehe, basi nimekutii.

Herménégilde


Bujumbura, 11 Julai 1969

Nsimire,

Amissi amefika leo na ekseli mpya. Barua yako ya tarehe kumi na mbili Juni iko mbele yangu. Sikuhitaji kuifungua ili kujua, lakini nimeifungua, na nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nilijua tangu Musaga. Kama Herménégilde alimeza, basi sumu haikutoka kwake. Chupa ilipita mikono mitatu tu duniani. Wangu, wake, wako. Mtu hahitaji vitabu kwa hesabu hiyo, na mimi niliyesoma vyote nilihitaji miaka minne.

Nitakuambia kilomita zile nne, kwa sababu zilikuwa zako.

Ya kwanza ni mteremko. Niliishuka vizuri, nikifikiri labda chumvi imeharibika. Ya pili tumbo likaamka. Nilijikunja kama mtu anayeokota kitu, nikaendelea nikiwa nimejikunja. Nililitafuta jina la Herménégilde linisukume, kama siku zote, nikalikuta halina kitu ndani, kama risasi iliyokwisha kupigwa. Nikaanza kusema la kwako. Nsi-mi-re, Nsi-mi-re. Ndiyo, nilikukimbilia kwa chuki, na hatua tatu kwa jina ni nzuri kuliko tano.

Ya tatu nilijichafua. Nilijua nitajichafua. Tofauti ni kwamba mara hii sikulala. Miguu ilikuwa imenasa kama kwenye gundi, kila hatua ilikuwa kung'oa kisiki. Kijana mmoja akapita akisema, "Mzee, kaa chini utakufa." Nikamwambia nilikwisha kukaa chini hapa miaka minne.

Ya nne siikumbuki yote. Nakumbuka mlango wa uwanja. Walikuwa wanakunja viti. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa, jukwaa lilikuwa tupu. Mtu mmoja tu mwenye daftari aliniuliza jina langu, akafunika pua. Nikalitaja kwa sauti yote niliyokuwa nayo, jina na jina la baba, nikageuka huku na huku nikitafuta watu wawili wenye picha, ambao sikujua kwamba nawatafuta mpaka leo niliposoma barua yako.

Hakuna aliyenitazama. Nilifika salama, Nsimire. Ndivyo ulivyotaka. Nilifika salama mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akiningoja.

Toleo la *Mwiba* la wiki hii limetoka. Ukurasa wa kwanza una kichwa kilekile, "Mkono unaotia sumu." Chini yake kuna jina langu na jina la baba yetu. Nimebandika nakala moja kwenye ukuta wa Majid, juu ya tangazo la mbio. Nimempelekea Herménégilde moja. Ameisoma, akasema kuna kosa la herufi mstari wa sita, akaendelea kuziba mpira.

Jina lako sikuliandika. Usidhani ni huruma. Sitaki ulipe kwa karatasi, karatasi ni rahisi, hata mimi nimelipa kwa karatasi na naona ilivyo nyepesi.

Uliokoa roho yangu na kuichoma siku moja, ukamwachia mtu mwingine moshi wake. Kama uliogopa kuniambia mwezi wa kwanza, naelewa. Miezi arobaini na saba iliyofuata siielewi, na sitajaribu kuielewa.

Basi fanya hivi. Mwaka ujao mbio zitakuwepo, tarehe ileile. Nitakimbia, kama magoti yapo. Herménégilde atakimbia, nimemuuliza, amesema atafikiria. Wewe utakuja kutoka Bukavu siku mbili kabla. Utasimama Musaga, si kati ya wanawake, mbele yao, katikati ya barabara. Utashika chupa ya maji ya limau na sukari uliyoijaza mwenyewe. Tutakuja wawili, bega kwa bega, tukiwa na kiu.

Utaonja wewe kwanza.

Na usilete kitenge. Tutakuwa tunatazama koo lako.

Kaka yako,
Murhula